Rivyu ya dos2unix, programu isiyo na dirisha iliyonikuta nimeshatuma SMS 558

Naanza na kisa maana bila kisa hamtaelewa kwa nini mtu mzima nakaa kuandika rivyu ya programu ambayo haina aikoni, haina dirisha, ukiiita inajibu mstari mmoja inanyamaza. Kazi ya dos2unix ni kurekebisha alama zisizoonekana za mwisho wa mstari kwenye mafaili ya maandishi yanayosafiri kati ya Windows na Linux.

Mimi nina steshenari Morogoro, karibu na chuo. Kompyuta tatu, printa mbili, mashine ya laminesheni na feni. Kompyuta mbili zinatumia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ya tatu nimeiacha na Windows 7 kwa sababu ya skana moja kongwe ambayo haitaki kusikia kitu kingine. Linux sikuiweka kwa ujuaji jamani, niliiweka kwa sababu ya flashi za wanafunzi, flashi moja inaingia na virusi saa tatu asubuhi mpaka saa sita folda zote za wateja zimegeuka shortcut, nikachoka. Tangu niweke Mint hilo tatizo limekwisha ila likazaliwa lingine, mafaili yanatoka Windows yanakuja kwangu, yanatoka kwangu yanarudi Windows, na katikati ya safari kuna vitu vinaongezeka na vingine vinapotea bila mtu kuviona.

Sasa kisa. Mwaka juzi niliingizwa kwenye kamati ya harusi ya kijana wa jirani yetu, nikapewa cheo cha "kijana wa kompyuta", yaani kutuma SMS za kukumbushia michango. Katibu, dada mmoja mwalimu, akanitumia faili la namba za wote walioahidi, kila namba kwenye mstari wake, amelitengeneza kwenye laptopu yake ya Windows. Watu 186. Waliokwishalipa nilikuwa nawaandika mwenyewe hapa dukani kwenye Linux kila mhazini akinipigia, walikuwa wamefika 74. Kazi ni rahisi, toa waliolipa kwenye walioahidi, wanaobaki ndo wa kukumbushwa. Nikatumia grep, ile komandi ya kutafuta mistari inayofanana, nikaiambia niletee mistari ya faili la kwanza ambayo haipo kwenye la pili. Ikaniletea. Sikuhesabu. Hilo kosa ni langu na nalibeba, nilitakiwa nihesabu nione 112, ila kulikuwa na foleni ya watu wa kutoa kopi nikapakia list kwenye mfumo wa SMS nikabonyeza tuma.

Dakika tano tu simu ikaita. Mwenyekiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu niambie kijana, nani kakuruhusu umdai mjomba wa bwana harusi?"

Mjomba ndo alikuwa mtu wa kwanza kabisa kulipa, laki tano taslimu, alitoa siku ile ile kikao cha kwanza mbele ya watu wote. Amepata SMS ya kumkumbusha mchango. Na si yeye peke yake, wote 74 waliolipa wamepata, mashangazi, mchungaji, mpaka mhazini mwenyewe. Grep haikuona namba hata moja inayofanana kati ya yale mafaili mawili, ikanirudishia wote 186 kama walivyo.

Nikafungua yale mafaili nikaweka sambamba nikatazama namba kwa namba. Ni zile zile! Hazina tofauti hata nukta. Nikampigia binamu yangu anafanya kazi za seva Dar, nikamweleza, akacheka kwanza, alafu akasema hebu andika file alafu jina la faili uone. Nikaandika, likajibu ASCII text, with CRLF line terminators. La kwangu likajibu ASCII text tu. Akaniambia "ndo hapo, piga dos2unix kwenye hilo la dada, rudia hesabu yako." Nikaipiga, nikarudia, 112. Swafi kabisa. Nilikaa pale nikatazama ukuta.

Kilichotokea ni hiki, na nikieleza hapa mtakuwa mmeelewa nusu ya matatizo yote ya mafaili ya maandishi duniani. Mama yangu alikuwa karani mchapaji enzi za taipureta, wale mliowahi kuiona mnakumbuka mtu akifika mwisho wa mstari anavuta ule mkono, trrrk, na yanatokea mambo mawili kwa mpigo, karatasi inapanda mstari mmoja na ile rola yake inarudi mpaka mwanzo. Mambo mawili. Mashine za teleprinta zilizokuja kuunganishwa na kompyuta zikayatenganisha, kila jambo likawa na alama yake, kurudi mwanzo wa mstari ni alama namba 13 inaitwa CR, na kushuka mstari ni alama namba 10 inaitwa LF. Kompyuta zilipoanza kuhifadhi maandishi kila mtu akaamua lake. Unix, mfumo ambao Linux imeufuata, wakasema LF moja inatosha, sisi hatuna rola ya kurudisha. DOS, mfumo wa Microsoft wa kabla ya Windows, ikafuata mfumo wa CP/M uliokuwepo kabla yake ikabaki na zote mbili, CR na LF, na Windows ikarithi mpaka leo. Apple kwenye Mac za zamani wakachukua CR peke yake, ndo wakaja kuhamia LF walipotoa Mac OS X mwaka 2001. Kwaiyo Linux, Android na Mac za sasa ziko upande mmoja, Windows iko upande wake.

Sasa faili la dada katibu likija Linux, ile CR inabaki imeng'ang'ania mwisho wa kila namba kama kupe. Huioni. Kwenye skrini namba iko sawa, ukihesabu tarakimu ziko sawa, lakini kwa kompyuta hiyo ni namba pamoja na kitu kingine, na kitu kingine hicho hakipo kwenye faili langu, kwaiyo hazifanani. Ukitaka kuiona tumia cat -A, itakuonyesha ^M$ mwisho wa kila mstari. Hiyo ^M ndo kupe mwenyewe.

dos2unix inachofanya ni kumtoa huyo kupe. Basi. Na unix2dos inamrudisha pale faili linaporudi Windows. Zinakuja pamoja kwenye kifurushi kimoja na mac2unix na unix2mac kwa ajili ya zile CR za Mac ya zamani. Ni programu ya bure, ipo tangu 1989, na mpaka leo kuna mtu anaitunza na kuiapdeti, anaitwa Erwin Waterlander. Kwenye Mint au Ubuntu unaandika sudo apt install dos2unix inaingia kabla hujamaliza kupiga chafya, bando inayokula ni kidogo hata wa kifurushi cha mia tano hataona. Kwenye Mac inapatikana kwa Homebrew, ile programu ya kuinstolia programu nyingine. Kwenye Windows, kama umeinstoli Git kwa ajili ya mambo ya kuandika programu basi tayari unayo, fungua Git Bash iandike tu jina iko humo, wengi hawajui wanaenda kuitafuta mbali.

Ninayoipendea.

Kwanza haina maneno mengi. Unaandika dos2unix ahadi.txt, inasema converting file ahadi.txt to Unix format, imeisha. Ukiwa na mafaili mia mbili unaandika dos2unix *.txt inayapitia yote. Ukitaka tarehe ya faili isibadilike unaweka -k. Hii niliidharau mpaka siku nilipobadilisha mafaili ya mteja mmoja wa utafiti, yote yakawa na tarehe ya leo, na yeye alikuwa anayapanga kwa tarehe, alinitazama kwa jicho sitalisahau.

Pili, na hii ndo ninayoitumia kila siku, kuna -i. Ukiandika dos2unix -i ahadi.txt haibadilishi kitu, inakupa taarifa tu, mistari mingapi ni ya DOS, mingapi ya Unix, mingapi ya Mac, kuna alama ya BOM (nitaieleza mbele) au hakuna, ni maandishi au siyo. Faili la katibu lingenipa 186 0 0 no_bom text ahadi.txt, ningeliona mapema nisingemdai mjomba wa watu. Siku hizi faili lolote la namba au majina likiingia dukani kwangu hicho ndo kitu cha kwanza, kabla hata ya kumuuliza mteja anataka nini. Kuna na -ic inakuorodheshea yale tu yanayohitaji kubadilishwa, tamu sana ukiwa na folda iliyochanganyika, na zilizochanganyika ni nyingi kuliko mnavyodhani, nimewahi kukuta faili moja lina mistari 40 ya Unix na 300 na kitu ya DOS kwa sababu watu watatu wameliongezea kwa zamu kila mtu na kompyuta yake.

Tatu, ina akili ya kuogopa. Kuna kijana alisikia sifa zake hapa dukani akaenda kuijaribu kwenye tasnifu yake ya Word, docx, ikamjibu Skipping binary file ikaiacha. Mungu alimsaidia. Docx siyo faili la maandishi wadau, docx ni zipu, badili jina uweke .zip uifungue utaona mafolda ndani. Ukienda kung'oa baiti humo ndani umeiua. Ipo njia ya kuilazimisha, -f, na kwa heshima zote naomba msiijue.

Mfano mwingine mzuri ni wa mwanafunzi mmoja, dada wa shahada ya pili, aliandika skripti yake ya bash, yaani faili la komandi za Linux, kwenye laptopu ya Windows akaipandisha kwenye seva ya chuo chao ambayo ni Linux, ikagoma, bad interpreter na hiyo ^M mwishoni mwa jina la bash. Amekesha nayo usiku kucha, kaandika upya mara tatu kwenye ile ile Windows, na kila akiiandika upya anaiandika na kupe wake. Alikuja dukani kuprinti kitu kingine kabisa, nikaona kwenye skrini yake, nikamwambia dada yangu hiyo ni dakika moja. Kule mstari wa kwanza wa skripti unaiambia seva tumia /bin/bash, ikiongezeka CR seva inatafuta programu inayoitwa bash-na-CR, haipo, inakasirika. dos2unix, ikaenda. Alitaka kunilipa elfu tano nikachukua soda.

Na upande wa pili wa shilingi, unix2dos. Mzee mmoja anaweka kumbukumbu za mifugo yake kwenye simu ya Android, akaleta faili la txt nimprintie, printa iko kwenye ile Windows 7. Nikafungua kwa Notepad, majina ya ng'ombe wote na tarehe za chanjo yametoka mstari mmoja mrefu kama treni ya mizigo, maana Notepad ya zamani ilikuwa haitambui LF ikiwa peke yake. Microsoft walikuja kulirekebisha mwaka 2018 kwenye Windows 10, kabla ya hapo ilikuwa hivyo hivyo miaka yote, na huku mitaani Windows 7 bado zimejaa. Mzee akadhani simu yake imeharibu kazi ya miaka miwili. Nikahamisha kwenye Mint, unix2dos, nikarudisha, yakapangika. Kiukweli hata WordPad ingelifungua vizuri tu bila hiyo safari, ila wakati huo sikujua, na sasa hivi WordPad yenyewe wameiondoa kwenye Windows 11 mpya.

mac2unix nimeitumia mara moja tu maishani, CD ya nyimbo za kwaya iliyochapwa kwenye Mac ya zamani. wc -l, komandi ya kuhesabu mistari, ilisema faili lina mistari sifuri. Sifuri! Nyimbo zaidi ya hamsini. Imefanya kazi, sina la kuongeza.

Haya sasa lawama, maana siyo tangazo hili.

La kwanza, inaandika juu ya faili lile lile. Haiulizi, haiachi nakala. Ukitaka faili la pili lazima uweke -n, jina la zamani alafu jina jipya. Kwa mtu anayeanza hii ni hatari, mimi ningependa iwe kinyume, nakala iwe ndo kawaida. Wenye uzoefu watanibishia kwamba komandi nyingi za Linux ndo zilivyo, sawa, lakini wenye uzoefu hawana wateja wanaosubiri kwenye benchi.

La pili, haiingii kwenye folda za ndani. Ukiwa na folda lenye mafolda lazima uishike mkono na find, komandi ya kupekua mafolda. Nimezoea, ila mdogo wangu anayenishikia duka hajazoea na hatazoea.

La tatu ndo kubwa na ndo limeniponza, nalo kwa haki siyo kosa lake lote. Rudini kwenye ile SMS. Baada ya kusuluhisha mambo na mjomba, nikaenda kuangalia salio la SMS nikakuta zimekatwa 558. Watu ni 186! Nikadhani nimeibiwa, nikapiga hesabu, 186 mara tatu. Kila mtu amekatiwa SMS tatu. Na ujumbe wenyewe ulikuwa huu: "Habari ndugu. Kamati ya harusi inakukumbusha mchango wako, ng’ombe wa sherehe hajanunuliwa bado na tarehe imekaribia. Tuma kwa katibu. Ahsante sana." Herufi 148, na SMS moja inabeba 160. Ilitakiwa iwe moja.

Tatizo ni ng'ombe. Siyo mwenyewe, ni ile alama yake ya juu. Kiswahili kwenye kompyuta kina bahati, hatuna vinukta wala vikofia juu ya herufi kama Wafaransa, kila kitu chetu kimo kwenye ASCII, ile orodha ya kawaida ya herufi za kompyuta, isipokuwa kitu kimoja tu, ng' yenye ritifaa. Na hata hiyo ni salama ukiandika ile alama iliyonyooka. Ila ukiandikia kwenye Word, Word inajifanya mjuaji inaipinda, inakuwa ’ badala ya '. Hiyo iliyopinda haimo kwenye alfabeti ya SMS za kawaida. Ikiwemo hata moja tu, ujumbe mzima unabadilishwa kwenda mfumo mwingine ambao SMS moja inabeba herufi 70, na ukiwa mrefu unakatwa vipande vya herufi 67. Herufi 148 ni vipande vitatu. Ritifaa moja imekula SMS 372 za kamati, na mimi ndo nimekaa mbele ya kikao kueleza hilo jambo kwa wazee, jaribuni kupata picha.

dos2unix hilo hailigusi. Unaipitisha faili, inatoa kupe, ritifaa iliyopinda inaiacha imepinda. Kazi yake ni mwisho wa mstari, katikati ya mstari siyo kwake. Kwa hiyo kabla ya kutuma SMS natumia komandi ya sed kubadilisha alama moja kwa nyingine, au hata tafuta-na-badilisha kwenye kihariri chochote.

Ila kuna sehemu inahusika, nayo ni BOM. Mafaili mengine ya UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi unaotumika zaidi siku hizi, yakitoka Windows yanakuja na alama ya siri mwanzoni kabisa inayoitwa BOM, ndo inamwambia Excel kwamba hili ni UTF-8 lisome hivyo. dos2unix ikibadilisha faili inaiondoa hiyo alama bila kukuuliza, maana Linux haiitaki. Mnaona linakoelekea. Mhazini alitaka ripoti, nikachukua CSV ya katibu, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi yenye mikato, dos2unix, nikafanya hesabu zangu, unix2dos, nikarudisha kwa katibu akaifungua kwa kuibonyeza mara mbili ikaenda Excel. Excel haikuona BOM, ikadhani ni maandishi ya Windows ya zamani, na ile ritifaa iliyopinda ambayo kwenye UTF-8 ni baiti tatu ikasomwa kama herufi tatu tofauti. Dada wa watu akaprinti bila kuangalia akagawa kikaoni. Ukurasa wa kwanza, matumizi, mstari wa kwanza: Ngâ€™ombe 1.

Mwenyekiti akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani. "Hii alama ya yuro hapa kwenye ng'ombe ni ya nini? Kuna mchango umetoka Ulaya kamati haijaambiwa?"

Kulikuwa na kimya ambacho sitaki kukielezea.

Dawa yake ni unix2dos -m, hiyo -m inairudisha BOM mwanzoni na Excel inatulia. Imeandikwa kwenye maelezo yake, sawa, ukiandika man dos2unix utaikuta, lakini imekaa chini huko, na programu inayokuambia kwa sauti kwamba inabadilisha mistari ingeweza pia kusema "nimetoa BOM" tujue. Hapo nimeikata nyota.

Kama faili lenyewe ni la zamani na limeandikwa kwa Windows-1252, mfumo wa herufi wa Windows ya zamani, tangu mwanzo basi chombo ni iconv, komandi ya kuhamisha maandishi kutoka mfumo mmoja wa herufi kwenda mwingine, iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8, na hiyo nayo uiangalie maana ukiipitisha mara mbili kwenye faili lile lile unazalisha takataka juu ya takataka. Na kama hutaki kabisa skrini nyeusi na uko Windows, Notepad++ inatosha, pale chini kulia inakuonyesha kama faili ni Windows (CR LF) au Unix (LF), unabonyeza hapo unabadilisha. Mdogo wangu dukani nimemwekea hiyo. Kwa faili moja moja haina shida, kwa mafaili mia utakesha.

Kuna wanaosema tumia tovuti za kubadilisha mafaili, za bure, unapandisha unashusha. Nimejaribu moja mwaka jana, siitaji jina, iligeuza CSV yangu ya mistari 400 ikanirudishia 100 ikasema zilizobaki nilipie. Alafu fikirieni, nimepandisha majina na namba za simu za watu kwenye kompyuta ya mtu nisiyemjua ili anitolee CR, kitu ambacho hata tr -d '\r' inafanya bila intaneti. Sirudii.

Na kwa wale wateja wangu wa "faili langu la Word likifunguka kwako linaharibika, CV ya kurasa mbili inakuwa tatu", hiyo siyo dos2unix wala iconv, hiyo ni fonti. Umeandikia Calibri, Linux haina Calibri, LibreOffice inaweka nyingine yenye upana tofauti mistari inasukumana. Instolini Carlito, vipimo vyake vimelingana na Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria, nyingi zinakaa sawa. Au leteni PDF, nimeandika mpaka ukutani LETENI PDF, mtu anasoma pale pale alafu ananipa docx.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ingeipata kama ingekuwa inaacha nakala na inatangaza BOM. Hapa dukani kubadilisha faili moja nachaji 500, folda zima tunaongea. Mjomba namfanyia bure, alikuja mwezi uliopita na flashi ya orodha ya wanachama wa kikundi chao, akaiweka mezani akasema, "hii kabla hujaifungua, kwanza hakikisha mimi nimelipa."